Filamu Fupi na Walezi Wake: Kutoka Lori la Vugiri hadi Tuzo za Mbeya

Katika orodha ya tuzo za karibu kila tamasha la filamu Tanzania, Unguja na bara, hakikosi kuwamo kipengele cha filamu fupi. Filamu hizo ni za dakika tano, kumi au ishirini, na mara nyingi hutengenezwa na kijana mwenye kamera ya kuazima na waigizaji wanaojitolea. Hakuna duka linaloziuza, wala hakuna anayekata tikiti kwa ajili ya mojawapo peke yake. Hata hivyo kila mwaka huletwa kwa wingi, majaji huzitazama, na mshindi huitwa jukwaani. Ili kuelewa jambo hili limetoka wapi, inatupasa kurudi nyuma karibu miaka tisini. Mahali pazuri pa kuanzia si pwani, ambako historia ya sinema yetu husimuliwa zaidi, bali ni nyanda za kati: Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Manyoni na Singida. Huko inaonekana wazi kwamba filamu fupi haijawahi kuishi kwa tikiti. Katika kila zama ilihitaji mlezi, na tabia yake ilifuata matakwa ya mlezi huyo.

Tuanze na nchi yenyewe. Ugogo, yaani nchi ya Wagogo katika nyanda hizo, ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hufika takribani milimita 500 hadi 600 tu. Kwa sababu ya ukame huo, na kwa kuwa ng'ombe wanahitaji malisho mapana, Wagogo walijenga tembe zao mbalimbali, kila kaya na shamba lake na zizi lake. Kisha Wajerumani wakajenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, nayo ikafika Dodoma mwaka 1910. Stesheni ikazaa mji wenye ofisi za serikali, maduka ya Wahindi na Waarabu, na makazi ya vibarua wa reli. Tangu hapo nyanda za kati zikawa na makazi ya aina mbili, mji wa stesheni na kaya zilizotawanyika, na sinema ilipokuja ilizifuata kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa ukumbi. Biashara hii ilianzia pwani, ambako ukumbi wa Royal ulifunguliwa Unguja mwaka 1921, kisha ikapanda bara mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeandika kitabu kizima juu ya kumbi za sinema za miji ya Tanzania, ameonyesha kwamba kwenda sinema lilikuwa jambo la watu wa kila rangi, dini na kipato, na kwamba filamu moja ilizunguka nchi nzima, mji hadi mji, makopo yake yakisafirishwa kutoka ukumbi huu hadi ule. Zilizopendwa kuliko zote zilikuwa filamu za Kihindi, na miongoni mwake Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, ilipata mashabiki wasiohesabika. Filamu ya namna hiyo ilichukua saa tatu hivi, pamoja na nyimbo zake. Ukumbi uliishi kwa tikiti, na mkata tikiti alitaka hadithi ndefu inayomtosha jioni nzima. Kwa hiyo filamu fupi iliingia ukumbini kama utangulizi tu, yaani habari za dunia, katuni au tangazo, na taa zilipozimwa kwa ajili ya picha kubwa, hakuna aliyeikumbuka tena.

Njia ya pili ilikuwa lori, na hapa ndipo filamu fupi ilipozaliwa kwetu kama kazi inayojitegemea. Chanzo chake kilikuwa mbali. Mwaka 1933 J. Merle Davis, aliyekuwa akifanya kazi chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, alitoa uchunguzi juu ya athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini kwa maisha ya vijijini. Wanaume walikuwa wakiondoka kwa maelfu, na waliobaki walikuwa wanaulizwa kodi, mazao na utii kwa lugha ya maisha mapya wasiyoyajua. Davis aliona kwamba sinema ingeweza kuwaeleza wasiojua kusoma mabadiliko hayo. Shirika la Carnegie la New York likatoa fedha, na mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ukaanza kazi Vugiri, kwenye milima ya Usambara. Aliyeongoza upigaji picha alikuwa Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu ulishikwa na G. C. Latham, aliyekuwa amesimamia elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini.

Katika miaka miwili mradi huo ulitengeneza filamu 35. Tuitazame mojawapo kwa karibu, ile ya Benki ya Akiba ya Posta, kwa sababu karibu kila kitu cha zama hizo kimo ndani yake. Vibarua wawili wanalipwa mshahara. Mmoja anachimba shimo nyumbani kwake na kufukia fedha zake. Mwizi anamchungulia, anangoja, kisha anazichimbua na kutoweka nazo. Mwenzake anazipeleka posta, anapewa kitabu, na fedha zake zinabaki salama. Hakuna ukatili wala ujanja mwingi ndani yake, na mtazamaji hana namna ya kukosea ni yupi wa kuigwa. Hiyo ni filamu fupi ya mlezi wa kwanza: ina mwanzo, kati na mwisho, lakini mwisho wake umeamuliwa ofisini kabla kamera haijafunguliwa.

Vifaa navyo vilikuwa na lao la kusema. Mkanda ulikuwa wa milimita 16, na sauti haikuwa kwenye mkanda bali kwenye sahani za santuri, ambazo fundi alipaswa kuziendesha sambamba na picha. Mkanda ukikatika na kuungwa, picha iliitangulia sauti au sauti ikaitangulia picha. Aidha, filamu moja ilipaswa kusemwa kwa lugha nyingi, kwani lori la maonyesho lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Likifika mahali, shuka nyeupe lilitandazwa, jenereta likawashwa, na giza lilipoingia watu waliotoka mbali walikaa chini na kutazama mfululizo wa picha fupi fupi. Mara nyingine mtu alisimama na kipaza sauti akaeleza kwa lugha ya mahali. Msomaji aendelee kumkumbuka mtu huyo wa kipaza sauti, maana atarudi baada ya miaka hamsini katika kazi tofauti kabisa.

Kwa nini filamu hizo zilikuwa fupi? Maelezo yako matatu. Ya kwanza ni ya kifundi: gurudumu la kawaida la mkanda wa milimita 16, lenye futi 400, huisha baada ya dakika kumi na moja hivi. Ya pili ni ya fedha, kwani mradi mdogo haukumudu mikanda mirefu. Ya tatu ndiyo yaliyotajwa sana na wakoloni wenyewe, nayo yalidai kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kufuata hadithi ndefu wala mabadiliko ya haraka ya picha. Dai hili lilipata nguvu zaidi baada ya Uingereza kuanzisha Kitengo cha Filamu cha Makoloni mwaka 1939, chini ya William Sellers, aliyekuwa ofisa wa afya Nigeria. Sellers alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziwe za polepole, zenye picha chache na zisizo na hila za kamera.

Maelezo hayo ya tatu hayasimami. Katika miaka ileile, watu wa miji yetu walikuwa wanakaa saa tatu mbele ya filamu ya Kihindi, kwa lugha wasiyoielewa, na kutoka wakiimba nyimbo zake na kusimulia kisa chote bila kukosa. Ikiwa mtu wa kijijini alichoka mbele ya filamu ya minyoo au ya mmomonyoko wa udongo, sababu haikuwa macho yake. Alikuwa anafundishwa, na somo refu humchosha yeyote. Ufupi ulitokana na mkanda, na fedha, na nia ya kufundisha. Nadharia ya akili ya Mwafrika ilibandikwa juu baadaye ili kuupa heshima ya kisayansi.

Mradi wa Vugiri ulikoma mwaka 1937, kwa kuwa serikali za makoloni hazikutaka kuubeba fedha za Carnegie zilipokwisha. Katika kazi zote 35, ni chache mno zilizosalia kwenye hifadhi ya filamu ya Uingereza; mojawapo inahusu mashamba ya majaribio ya wakulima huko Kingolwira, karibu na Morogoro. Hasara hiyo inasikitisha. Hata kama filamu zile zilitungwa na wageni, nyuso zilizomo ni za babu na bibi zetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kamera zilifika nyanda za kati kwa sababu nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, ilianzisha mradi mkubwa wa karanga, na makao yake ya kwanza yakawa Kongwa. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Watengenezaji wa filamu za habari walipeleka Uingereza picha za matrekta yaking'oa mibuyu na vichaka, nazo zilionyeshwa kama ushindi wa mashine juu ya pori. Kilichofuata hakikupata kamera nyingi. Mvua ya Kongwa haikutosha, udongo uliganda kama saruji wakati wa kiangazi, matrekta yakaharibika, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Wagogo waliokuwa wanaijua mvua ya nchi yao hawakuulizwa kabla, na katika picha za ushindi walionekana kama vibarua.

Serikali ya Tanganyika nayo ilianza kutambua kwamba somo tupu halivuti watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliingia makubaliano na kampuni ya African Film Productions ya Johannesburg ili zitengenezwe filamu za kuigiza kwa Kiswahili, zenye hadithi na kicheko. Iliyokumbukwa kuliko zote ni Muhogo Mchungu. Ndani yake alicheza kijana wa Songea aliyekuwa mtumishi wa serikali katika ustawi wa jamii, Rashidi Mfaume Kawawa. Lori likampeleka vijijini kama mwigizaji kabla watu hawajamjua kama kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, na baadaye kama Waziri Mkuu. Mwaka 1973, chama tawala cha TANU kilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, Waziri Mkuu alikuwa mwigizaji huyo wa Muhogo Mchungu.

Uhuru ulibadilisha mlezi, lakini si malezi. Mwaka 1968 iliundwa Tanzania Film Company, shirika la umma lililokuja kushika uingizaji na usambazaji wa filamu. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa, na kumbi kadhaa za sinema zikawemo. Mwaka huohuo ilianza Operesheni Dodoma, ambayo kwa hiari na kwa shuruti iliwatoa Wagogo katika tembe zilizotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1974, kwa msaada wa Denmark, ikaanzishwa taasisi ya picha na sauti ya kutengeneza filamu za maendeleo. Ukiyaweka matukio hayo kwa mpangilio wake, utaona jinsi yanavyoshikana: dola ilikuwa na kijiji cha kuhutubia, magari ya sinema ya kufika huko, na sasa chombo cha kutengeneza cha kuonyesha. Filamu ya Fimbo ya Mnyonge, ya katikati ya miaka ya 1970, humfuata mtu anayekwenda mjini kutafuta maisha, akayakosa, na hatimaye akayapata katika kijiji cha ujamaa. Ni hadithi bora kuliko ile ya benki ya posta, na waliosimama mbele na nyuma ya kamera walikuwa Watanzania. Mwisho wake, hata hivyo, ulikuwa umeamuliwa mapema vilevile.

Mwaka 1976 ilitungwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, iliyoipa bodi ya serikali mamlaka ya kukagua na kutoa vibali. Muda si mrefu hapakuwa na mengi ya kukagua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na kuporomoka kwa bei ya mazao kulikausha fedha za kigeni, na mkanda wa filamu, dawa za kuusafisha na vipuri vya projekta vyote vilinunuliwa nje. Katika ukata huohuo likatokea jambo jipya.

Mwaka 1985 ilikamilika filamu fupi ya dakika 36, Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Mtanzania Nangayoma Ng'oge pamoja na Mmarekani Ron Mulvihill. Mariamu ni mgonjwa. Hospitali haikumsaidia, mumewe anataka ampeleke kwa mganga wa jadi, naye anawaogopa waganga kwa sababu ya jambo lililompata baba yake wakati Mariamu mwenyewe alipokuwa mtoto. Filamu za lori zingemwelekeza hospitali na kumcheka mganga. Hii inakaa na hofu ya Mariamu, inaitafuta ilikotoka, na inamwacha mtazamaji apime mwenyewe. Mwaka huohuo ilishinda tuzo katika tamasha la FESPACO huko Ouagadougou, Burkina Faso.

Kwa nini ilibidi tuzo itoke huko? Nchi za Afrika Magharibi na Kaskazini zilikuwa zimeanza mapema kujijengea vyombo vyao. Tunisia ilianzisha tamasha la Carthage mwaka 1966, na Ouagadougou ikafuata mwaka 1969, kwa sababu kumbi zao zilikuwa mikononi mwa kampuni za kigeni ambazo hazikuonyesha filamu za Kiafrika. Tamasha likawa mahali pekee ambapo mwongozaji wa Kiafrika aliweza kuonyesha kazi yake kwa Waafrika wenzake na kuhukumiwa kama msanii. Arusi ya Mariamu ilipokwenda huko, filamu fupi ya Kitanzania ilipata mlezi wa tatu, ambaye hakuiuliza inafundisha nini.

Mlezi huyo alikuwa mbali, na nyumbani kumbi zilikuwa zinakufa. Wapo wanaolaumu kutaifishwa kwa majengo mwaka 1971, ambako kuliwavunja moyo wenye ujuzi wa biashara. Wapo wanaotaja ukiritimba wa shirika la umma katika kuleta filamu. Wengine husema ni mashine za video zilizoingia kwa wingi miaka ya 1980, hasa baada ya biashara kulegezwa chini ya Rais Mwinyi, na wengine hutaja televisheni, iliyoanza bara mwaka 1994. Ukifuata miaka, inaonekana kila sababu ina zamu yake. Utaifishaji na uhaba wa fedha za kigeni viliziacha kumbi na paa linalovuja, projekta chakavu na filamu za zamani. Video ikaja na kuwapa watu sababu ya kubaki nyumbani. Televisheni ikamaliza kazi iliyokwisha kuanza. Ukumbi wenye afya ungeweza kuhimili video, kama ulivyohimili nchi nyingine. Majengo yakawa makanisa, maghala na kumbi za disko. Eneo la sinema ya Drive-In jijini Dar es Salaam lilijengwa ubalozi wa Marekani baada ya ule wa awali kulipuliwa mwaka 1998.

Mahali pa ukumbi pakachukuliwa na kibanda umiza, chumba cha mabati chenye mabenchi, televisheni na deki, ambacho kiliwezekana kuwekwa popote penye umeme au jenereta, hata katika mji mdogo kando ya reli. Humo ndimo alimorudi yule mtu wa kipaza sauti. Watafsiri wa filamu, na maarufu kuliko wote akiwa Lufufu, walizungumza juu ya filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakaeleza, wakatania na kuongeza maoni yao. Kipaza sauti kilekile kilichokuwa cha serikali sasa kilikuwa cha mtu binafsi, na watu walilipa kumsikia.

Kibanda umiza na deki za nyumbani vilitengeneza soko, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 soko hilo likazaa filamu za Bongo. Girlfriend ya George Tyson ilifungua njia, na ndani ya miaka michache Steven Kanumba alikuwa nyota anayejulikana kutoka Dodoma hadi Kigoma na ng'ambo ya mipaka. Bidhaa yenyewe ilikuwa sidii ya VCD katika jalada la rangi, iliyotoka kwa wasambazaji wa Kariakoo na kupakiwa kwenye mabasi ya mikoani. Mtazame mteja akiwa dukani: analigeuza jalada, anaangalia nyuso za nyota, anauliza kama sehemu ya pili imeshatoka. Kwa kuwa sidii moja haikubeba zaidi ya saa moja na ushee, na kwa kuwa sidii mbili huleta mauzo mara mbili, hadithi zikarefushwa ili zifike sehemu ya kwanza na ya pili. Ziko filamu za Bongo ambazo dakika kumi nzima ni gari likiendeshwa na mlango ukifunguliwa. Soko lililipa urefu. Kijana mwenye hadithi ya dakika kumi na tano hakuwa na jalada la kuiweka.

Ndiyo maana kuanzishwa kwa Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, kulikuwa na uzito mkubwa kwa filamu fupi kuliko kwa ndefu. Tamasha hilo lilisajiliwa mwaka 1997 na kufanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, likijiita tamasha la nchi za jahazi, yaani nchi zote zilizounganishwa na pepo za Bahari ya Hindi. Filamu zilionyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga, na jahazi la dhahabu likawa tuzo yake kuu. Waandaaji walipeleka pia maonyesho katika vijiji vya Unguja na Pemba, yaani walilirithi lile lori bila somo lake. Ziliwekwa tuzo za filamu fupi, na kandokando yake kukaja mafunzo. Maisha Film Lab, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mwaka 2004 huko Uganda, iliendesha warsha Zanzibar kwa vijana wa Afrika Mashariki waandike na kupiga filamu zao fupi.

Matokeo yake yanaweza kufuatwa katika kazi ya mtu mmoja. Mwaka 2013 Amil Shivji alileta Zanzibar filamu fupi, Shoeshine, juu ya kijana mpiga kiwi wa Dar es Salaam anayeitazama jamii nzima ikipita mbele ya kiti chake, mguu kwa mguu. Ilipata tuzo ya kura za watazamaji. Ikafuata Samaki Mchangani, nayo fupi, kisha filamu ndefu ya T-Junction mwaka 2017, na mwaka 2021 Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto. Kila hatua iliibeba inayofuata. Mtu asiye na historia hapewi fedha za filamu ndefu, na katika nchi isiyo na ukumbi wala duka la filamu fupi, historia hiyo hupatikana kwenye tamasha.

Bara ilichukua muda zaidi. Matamasha yalijaribiwa hapa na pale, mengine yakadumu na mengine yakakoma mdhamini alipoondoka. Hatimaye Bodi ya Filamu, chombo kilekile cha sheria ya 1976, ikaanzisha tamasha na tuzo za taifa. Kilele cha kwanza kilifanyika Desemba 2021 mjini Mbeya, katika ukumbi wa Tughimbe, na cha mwaka uliofuata kikapelekwa Arusha.

Kwa nini mkaguzi agawe tuzo, na kwa nini aanzie Mbeya badala ya Dar es Salaam? Wapo wanaoliona kuwa jambo la siasa: serikali hupenda sherehe, na mikoa hupenda kupewa zamu. Wapo wanaoliona kuwa la uchumi, kwa sababu mauzo ya sidii yalikuwa yameanguka. Uharamia wa kunakili ulikuwa umeyaguguna kwa miaka mingi, stempu za kodi zilizoletwa mwaka 2013 hazikuuzuia, kisha simu za mkononi zikafuta haja ya sidii yenyewe. Bodi iliyobaki na ukaguzi peke yake ingekuwa inakagua rafu tupu. Maelezo haya ya pili ndiyo yanayoeleza wakati, yaani kwa nini mwaka 2021 na si 2006, wakati filamu za Bongo zilikuwa zinauzika. Ya kwanza yanaeleza mahali. Naona yote mawili ni ya kweli, lakini la uchumi ndilo lililotangulia.

Nayasema haya nikiwa na shauku, na pia wasiwasi. Tuzo ya serikali huwafikia vijana wa Mbeya, Singida na Kigoma ambao nauli ya kwenda Zanzibar ni mshahara wa mwezi. Lakini mwenye kutoa tuzo ndiye mwenye kutoa kibali, na mtengenezaji anayeyajua hayo anaweza kuanza kuandika mwisho ule wa benki ya posta bila kuambiwa na mtu. Kinachoweza kuzuia hilo ni majaji wanaojitegemea, wanaojulikana kwa majina, na wanaosema hadharani kwa nini wamechagua walichochagua.

Nyanda za kati zenyewe zimeshabadilika. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha sanaa za maonyesho na filamu. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo, na Dodoma kutangazwa jiji mwaka 2018, wizara yenye dhamana ya sanaa imekuwa jirani na chuo hicho. Na huko Chamwino, mashariki mwa jiji, tamasha la muziki wa Kigogo lililoasisiwa na Kedmon Mapana limekuwa likikusanya vikundi vya vijiji mbalimbali, wanawake na ngoma zao za muheme, wazee na mazeze, watoto na nyimbo za shuleni. Tamasha hilo halikuletwa na lori. Waimbaji ni wa hapohapo, watazamaji wengi ni ndugu zao, na sifa ya kikundi hutoka kwa watu wanaoujua muziki huo tangu utotoni.

Kwa mji wa nyanda za kati unaotaka tamasha la filamu fupi, gharama si ile ya zamani. Projekta inabebwa mkononi, shuka ni shuka lilelile, na filamu yote inaingia katika simu. Mtengenezaji anaweza kuiweka YouTube jioni hiyohiyo, ambako itapata watazamaji, ila vipande vya vichekesho vitaipita kwa mbali. Kinachogharimu ni ofisi yenye mtu wa kupokea kazi mwaka mzima, nauli na posho ya majaji watatu au watano kutoka nje ya mkoa, na fungu la tuzo linalomtosha mshindi kupiga filamu yake ya pili. Ratiba nayo inajulikana tangu enzi za lori: baada ya mavuno na kabla ya mvua, kati ya Juni na Oktoba, njia zinapopitika na watu wanapoweza kukaa nje usiku.